Picha ya Neno Lililofutwa

Jumanne ile, Leeds, mvua ya rasharasha,
mhariri alinituma kwenye ngazi za ukumbi wa jiji
kwa kuwa binti mmoja, Tamsin, mwoka mikate,
alikuwa amevaa gauni la harusi
na kujimwagia ndoo ya maji ya mto Aire
yenye rangi ya chai iliyolala.

Nilipiga picha mia mbili na kumi.
Matone yakining'inia kwenye kope zake,
polisi ameshika kofia asijue aiweke wapi,
mtoto begani mwa babake akiziba pua.
Kamera yangu ilishiba, ikacheua.
Saa saba mchana tulishapata ukurasa wa kwanza.

Alhamisi nilikuwa na miadi na Bi Harbinder Sohal,
mhasibu, mkahawani karibu na stesheni.
Miaka minne amepanda treni ya alfajiri kwenda London,
mfuko wa plastiki, sandwichi ya yai,
kukaa kwenye korido zenye zulia
akimngoja karani wa mbunge ambaye hata yeye si waziri.
Anawajua makarani. Anayajua majina ya paka wao.
Anajua nani hakaribiwi kabla hajanywa chai.

Akakunjua karatasi. "Tazama," akasema,
kama mtu anayekuonyesha mjukuu.
Kifungu cha kumi na nne, sehemu ya pili:
*kampuni itasafisha majitaka kabla ya kuyaachia mtoni,
ikiwezekana.*
Na neno lile la mwisho limepigwa mstari.
Limekwenda.
Miaka minne, neno moja.

Nikainua kamera, nikaishusha.
Nipige nini? Wino? Kidole chake?
Pengo lililobaki pale neno lilipokuwa limekaa?
Hatimaye nikampiga yeye, akitabasamu.
Akafumba macho.

"Nani analia hapa?" mhariri akauliza.
Hakuna.
"Nani amekamatwa?"
Hakuna.
Nikapewa mistari minne, ukurasa wa kumi na tisa,
chini ya tangazo la magodoro.

Jicho halina pazia, tulifundishwa.
Sawa, ila lina njaa,
na njaa haingoji miaka minne.
Tulifundishwa pia kwamba debe tupu ndilo livumalo;
lakini ndoo ya Tamsin haikuwa tupu.
Mimi niliinusa.
Na kimya kingi, ati, kina mshindo mkuu:
mshindo gani, jamani, chini ya magodoro?

Tena tusidanganyane,
wale wa kampuni nao ni watu wa kimya.
Korido ileile, zulia lilelile,
mikoba ya ngozi isiyo na sandwichi.
*Ikiwezekana* haikuota yenyewe kama uyoga.
Kuna mtu aliipanda, polepole, kwa sauti ya chini,
akaaga kwa adabu, akapanda teksi,
na siku hiyo wapiga picha wote
tulikuwa mahali penye kelele.

Ijumaa Bi Sohal akanipigia simu.
Nilijiandaa kulaumiwa.
Kumbe ameikata picha ya Tamsin gazetini,
ameikunja mara mbili, ipo mfukoni pamoja na yai.
"Leo karani amenipa kiti," alisema.
"Miaka yote nimesimama.
Ameiona, akasema: karibu, mama, kaa.
Bado kuna kifungu cha kumi na tisa."
Akakata simu; treni yake ilikuwa inaingia.

Tamsin hamjui. Nilipomtajia jina
aliuliza kama ni mwandishi wa habari.

Juzi nimepita darajani.
Mto bado ni chai,
labda sasa imetiwa maziwa kidogo, sijui,
mimi si mtu wa maabara.
Ninayo picha moja ambayo hakuna aliyeinunua:
mwanamke amefumba macho,
mbele yake kikombe, karatasi,
na ukiikuza sana, mpaka ianze kupasuka chembechembe,
mstari mwembamba wa kalamu
umepita juu ya neno.